Mgongo wa Mama na Kihenge Chake

Miaka ya karibuni mama yangu alikuwa akitutambua kwa miguu. Ukiingia uani kwake Midia, alitazama kwanza viatu vyako, kisha nyayo, kisha ndipo akakusalimu. Mdogo wangu wa kiume alijulikana kwa vumbi jekundu, maana yeye huchoma matofali na kuyauza mjini Koboko. Wifi yangu, mke wa huyo mdogo wangu, alijulikana kwa kovu la moto juu ya kidole gumba. Mimi nilijulikana kwa kandambili za buluu, na siku niliyokuja na viatu vingine mama aliniuliza mimi ni mgeni wa nani. Wote walicheka, nami nikacheka, lakini nilipogeuka kushusha mzigo wangu machozi yalinilenga.

Nilipokuwa msichana mama alikuwa mrefu kuliko baba, na baba alikuwa askari aliyejivunia kimo chake. Mama alizaliwa Logiri, upande wa Vurra. Baba alikuwa Mkakwa wa Midia. Walikutana kambini, na kwa kuwa hakuna aliyeijua vizuri lugha ya mwenzake, Kiswahili cha jeshini kikawa lugha ya nyumba yetu. Kwa Kiswahili hicho mama alitulea na kutugombeza, na kwa Kiswahili hicho alimlilia baba siku tulipomzika.

Mgongo wake haukupinda kwa siku moja. Kwanza ndoo ya maji ilianza kumteleza kichwani kuelekea mbele. Mama akasema ngata imechakaa, akasokota nyingine. Kisha magauni yake yakaanza kuburura chini upande wa mbele huku nyuma yakipanda hadi kwenye mashavu ya miguu, na kwa hilo alimlaumu fundi cherehani wa Koboko, akahamia kwa fundi mwingine, naye akalaumiwa vilevile. Baadaye ikaja fimbo. Tukiuliza, watu walitujibu kwa neno moja: uzee. Neno hilo linaniudhi mpaka leo. Kuku akipunguza kutaga, watu wa kwetu watatafuta sababu mpaka waipate. Baiskeli ikilia, wataifungua nati zote. Lakini mwanamke akipinda mpaka akawa anaongea na ardhi, wanasema uzee, kisha wanaendelea kunywa chai.

Sasa nieleze habari za kihenge, maana bila kihenge haya yote yangeishia hospitali.

Nyumbani kwetu kihenge ni cha mwanamke. Ni kikapu kikubwa cha fito kilichokandikwa udongo na samadi, kimesimama juu ya miguu ya mbao ili panya na mbuzi wasikifikie, na juu yake kina kifuniko cha nyasi kilichochongoka kama kofia. Ukitaka mtama unasimama chini yake, unakisukuma kifuniko kwa mti wenye panda, unakitegemeza, kisha unajipinda kuingia ndani hadi kiunoni na kuchota. Mwenye kufungua ni mwenye kihenge peke yake. Hata baba, pamoja na bunduki na cheo chake, hakuthubutu kugusa kile cha mama. Mke wa mtoto ana kihenge chake, na akiishiwa huja kuomba, hapigi hodi kwenye kifuniko. Mwanamke asiyefungua kihenge chake anahesabiwa kuwa mgeni katika uwanja wake mwenyewe. Atapewa chakula, ataheshimiwa, lakini hataulizwa neno.

Na kuna jambo jingine ambalo kila mtoto wa nyumbani kwetu analijua. Kihenge cha mwanamke hakiketishwi chini akiwa hai. Kikioza mguu, kinabadilishiwa mguu kikiwa kimesimama. Siku mwenyewe anapozikwa ndipo wanaume hukata ile miguu, kihenge kikaketi chini, na wanawake wakagawana kilichomo.

Siku mgongo wake ulipotoa sauti, mama alikuwa kwenye kihenge. Wifi yangu ndiye aliyenisimulia. Alimwona mama anasukuma kifuniko, akamwona anajipinda kuchota, kisha akamwona anarudi nyuma polepole na kuketi kwenye vumbi bila kuanguka, ameshika beseni tupu. Mama alisema amesikia kitu kikikatika ndani, kama kijiti kikavu chini ya nguo. Hakulia. Aliomba tu kifuniko kishushwe kabla mvua haijaingia, na wifi, kwa kuogopa kukigusa, alimwita mume wake aje kwanza kuomba ruhusa.

Walimpaka mafuta ya shea, wakamlaza. Wanawake wa kanisani walikuja kumwombea, na mmoja wao akanong'ona kwamba huo ni ugonjwa wa kifua uliohamia mgongoni, kwa hiyo watoto watengwe naye. Mimi nilikuwa Arua, sokoni kwangu, ninakouza muhogo mkavu. Niliposikia mama analala kutwa nzima na wajukuu wanamsalimu kutoka mlangoni, nilifunga magunia yangu, nikamwachia jirani kibanda, nikapanda gari la Koboko nikiwa na hasira ya kutosha watu wawili. Mdogo wangu alinieleza kwa upole kwamba mzee anahitaji kupumzika. Nilimwambia apumzike yeye. Siku iliyofuata tulimweka mama kwenye kiti cha mbele cha gari, mito miwili nyuma yake, tukaenda naye Arua.

Hospitalini walimpima kifua kwanza, na hakikuwa kifua. Halafu wakampiga picha ya mgongo. Daktari, kijana mwenye sauti ndogo, aliibandika picha kwenye taa na kutuonyesha pingili za uti wa mgongo zilivyopangana. Nyingine zilikuwa na umbo la kibiriti. Mbili za katikati zilikuwa zimebonyea upande wa mbele, na nyingine juu yake ilionyesha kuwa ilivunjika zamani, siku ambayo hakuna mtu aliyejua. Alisema mifupa ya wanawake wengi hupungua ndani hedhi inapokoma, kidogo kidogo, bila maumivu, mpaka kitu chepesi kama kufungua dirisha kinatosha kuivunja. Nilimwelewa haraka kuliko alivyotegemea. Muhogo mkavu unaotoka Ajia ukiingiwa na fukusi, kwa nje kipande kinabaki vilevile, rangi yake na urefu wake. Ni ukikishika ndipo unajua kwamba ni chepesi mno, na ukikibana kinakuwa unga mkononi.

Daktari alitaja dawa, akataja dagaa wanaoliwa pamoja na mifupa yao, ufuta, mboga za majani na jua la asubuhi. Kisha akataja makatazo: asibebe kitu kichwani, asijipinde kutoka kiunoni, asiinue kitu kizito juu ya mabega. Mama alisikiliza yote akitazama viatu vya daktari. Daktari alipomaliza, mama akauliza swali lake la pekee.

"Daktari, mimi naweza kufungua kihenge yangu?"

Daktari alinigeukia. Nikamweleza kihenge ni nini na kinafunguliwaje, nikasimama nikamwigizia, mikono juu, kisha kiuno kikipinda. Alitikisa kichwa kabla sijamaliza. Alisema kama tungemwomba abuni mwendo mbaya kuliko yote kwa mgongo wa namna hii, asingepata mwingine. Mama aliitikia kwa adabu, akashukuru, na tangu hapo hakusema neno, hata tulipofika kwangu.

Mtu aliyemrudishia mama sauti yake alikuwa mwanamke mmoja mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mnene, mcheshi, aliyetumwa na hospitali, akaja nyumbani kwangu na kiti chake mwenyewe. Hakumdanganya. Alisema pingili zilizobonyea hazitarudi zilivyokuwa, na mtu akiahidi kuzinyoosha, mama amfukuze. Lakini nyama za mgongo ni zake bado, na zikipewa kazi zitazishika pingili zilizobaki zisifuate zile zilizobonyea. Akamsimamisha ukutani: visigino ukutani, makalio ukutani, mabega yajaribu, kidevu kirudi nyuma, avute pumzi na asubiri. Kichwa cha mama hakikuufikia ukuta, kilikuwa mbali nao. Mtaalamu akakunja kitenge, akakiweka katikati ya kichwa na ukuta, akasema kazi ya mama ni kukipunguza hicho kitenge mkunjo kwa mkunjo, na kwamba huenda hatakimaliza kamwe. Halafu akanitazama mimi, akasema na dada naye umri wake umefika, asimame hapo pia. Nilimjibu kwamba mimi nina magunia ya kupakua.

Mama alikaa kwangu Arua mpaka mwisho wa kiangazi. Kila asubuhi alisimama ukutani. Nikiamka nilimkuta hapo, macho amefumba, jasho juu ya mdomo. Kuchota kitu chini alifundishwa kukunja magoti badala ya kiuno, na alijizoeza kwa kuokota vijiko vyangu nilivyomwekea sakafuni, akivirudisha na kuviokota tena, mpaka nikaanza kukorogea kijiti, maana hakuna kijiko kilichobaki jikoni. Maumivu yalimwacha polepole. Kitenge kilipungua mkunjo mmoja, baadaye mwingine. Lakini chakula changu hakikumpendeza. Nilinunua unga wa mfuko dukani, naye alikula kidogo na kuniambia kwamba unga ambao mtu hajui ulitoka kwenye shamba gani ni unga wa wasafiri.

Nilitaka abaki. Nilisema wazi: hapa hospitali iko karibu, maji yapo bombani, hakuna cha kuinua. Nilisema mengi kuliko yaliyohitajika, maana mimi nikianza sijui kunyamaza. Mama aliniacha nimalize, kisha akaongea akitazama kandambili zangu.

"Hapa iko kwako," alisema. "Mimi nataka kwangu. Nikikaa hapa, mimi iko mutu ya kupewa tu."

Nilimjibu kwamba hata kwake hataweza kufungua kihenge, daktari amesema. Akasema daktari amesema asiinue wala asijipinde. Hakusema asifungue. Nilimwona anawaza. Mama yangu akiwaza huchezesha vidole vya miguu.

Tuliporudi Midia mvua za kwanza zilikuwa zimeshagusa ardhi. Mdogo wangu alitupokea barabarani akiwa na furaha isiyo ya kawaida, akasema amemwandalia mama jambo. Tulipoingia uani, mimi nililiona kabla ya mama. Kihenge kilikuwa chini. Tumbo lake lilikaribia ardhi na kifuniko kilikuwa usawa wa kiuno cha mtu mzima.

Mama alikuwa anatembea akitazama chini kama kawaida yake. Alifika mpaka fimbo yake ikagonga udongo uliokandikwa, mahali ambapo siku zote palikuwa na nafasi ya kuku kupita. Alinyoosha mkono, akapapasa ubavu wa kihenge toka juu hadi chini.

"Mutu gani alikufa hapa?" aliuliza.

Mdogo wangu alianza kujieleza haraka haraka. Alisema hakukata miguu, hilo halikumjia hata kichwani. Alichimba tu. Yeye na jirani zake walikitegemeza kihenge, wakachimba mashimo kuwa marefu zaidi, wakaizamisha miguu ardhini ikiwa mizima. Kwa hiyo miguu ipo yote, alisema, hakuna desturi iliyovunjwa, na sasa mama atafungua akiwa amekaa hata kwenye kigoda. Alikuwa amelifikiria jambo hilo kwa muda mrefu, ilionekana. Alikuwa ametafuta mwanya kati ya desturi na daktari, akaupata, akajipongeza.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho, mkono wake ukiwa bado juu ya kihenge.

"Ulichimba shimo," alisema. "Kwa nyumba ya mama yako, shimo iko ya nini?"

Mdogo wangu, yeye anayeuza matofali kwa maneno, alianza kukung'uta udongo mikononi. Mimi maneno niliyapata, na niliyasema yote. Nilimwita jina nisiloweza kuliandika hapa. Nikamgeukia pia wifi yangu, maana moyoni nilishaanza kumpigia hesabu: alikuja kwetu akikimbia vita upande wa Sudani Kusini, hana mama mkwe mwingine wa kumrithi, na kihenge kiko chini. Nikamuuliza nafaka imefika wapi. Alinishika mkono, akanipeleka kwenye kifuniko, akanionyesha fundo la kamba ambalo mama alilifunga mwenyewe kabla hatujaondoka, fundo la Logiri ambalo kwetu Midia hakuna anayelijua. Halikuwa limeguswa. Yeye na watoto walikuwa wamekula vya kwake, na vya kwake vilikuwa vinaelekea ukingoni. Kihenge kilikuwa usawa wa kiuno chake, na hakukifungua. Nilimwomba radhi pale pale, na hilo mimi silifanyi kila siku.

Jioni ile mama alikataa kula. Si kwa kususa, alisema, ila yeye hawezi kula chakula cha matanga yake mwenyewe. Alikubali uji wa wifi uliotoka kwenye nafaka ya wifi. Asubuhi alisimama kwenye ukuta wa nyumba yake, visigino, makalio, mabega, kitenge, akamaliza, kisha akamwita mdogo wangu na kumwambia kihenge kirudi juu. Mdogo wangu alijaribu kumkumbusha maneno ya daktari. Mama alisema maneno ya daktari anayo yeye, mgongoni, na hayahitaji mkumbushaji.

Ili kukiinua ilibidi nafaka itolewe kwanza, na mwenye kutoa ni yeye. Alifungua fundo lake. Kwa kuwa kihenge kilikuwa chini, mkono wake ulifika ndani bila taabu yoyote. Alichota mtama, akajaza vikapu, kisha ufuta, mgongo wake ukiwa salama. Mdogo wangu alisimama pembeni, na ninakiri kwamba nilimwonea huruma, maana shauri lake lilikuwa linafanya kazi mbele ya macho yetu sote. Mama naye aliliona. Alikaa kwenye kigoda baada ya kumaliza, akashika ukingo wa kihenge, akawaza, vidole vya miguu vikicheza. Kisha akasema vilevile: juu.

Wanaume walikirudisha juu. Kikasimama kama zamani, na mama akasimama chini yake na paji la uso wake likielekea ardhini, asiweze hata kukiona kifuniko. Wiki ile nilirudi Arua nikiwa nimekata tamaa. Nilijiambia kwamba ameshinda neno na kupoteza kihenge.

Nilipokuja tena nilimkuta amekaa chini, miguu ameinyoosha, mgongo ameuegemeza kwenye ukuta, na wifi anamletea udongo uliokandwa. Mama anaupokea mapajani, anautengeneza bonge, anampa mjukuu mkubwa anayelipanga penye alama. Alikuwa anajenga ngazi. Kizazi chake kilijua kufinyanga baraza kuzunguka nyumba, kwa hiyo alifinyanga baraza iendayo juu: vidato vipana, vifupi, vinavyozunguka ubavu wa kihenge, ili mtu mwenye fimbo apande taratibu mpaka ukingo wa kihenge uwe kifuani pake. Akifika hapo hatakuwa na cha kujipinda. Kila bonge lilikuwa dogo, kwa sababu zito halikuruhusiwa. Nilikaa chini nikakanda nao mpaka jua likaegemea.

Mvua ikaja na kuiyeyusha. Niliikuta imekuwa lundo la matope, kuku wanaichakura. Nilidhani nitamkuta mama kitandani. Nilimkuta ukutani, na alipomaliza aliniagiza, mimi na kandambili zangu za buluu, nikamletee udongo wa kichuguu. Udongo wa mchwa hauyeyuki, alisema, ni kosa lake kufanya haraka. Mdogo wangu aliposikia hivyo aliondoka bila kuaga, na alirudi na mkokoteni umejaa udongo wa kichuguu pamoja na matofali yake ya kuchomwa, yale mazuri anayowauzia watu wa mjini. Aliyapanga matofali kuwa kiini cha ngazi, na mama akaifinyanga juu yake.

Mimi nilijitwika kazi ya kifuniko. Kile cha zamani kilikuwa kizito kwa nyasi za miaka mingi zilizoongezwa juu ya nyingine. Nilimtafuta mzee mmoja anayeezeka, akasuka kipya kwa fito nyembamba, nyasi safu moja, chepesi mpaka mtoto angeweza kukivaa. Wifi akafunga kibuyu kidogo kwenye mti mrefu, cha kuchotea bila kuingiza kiwiliwili ndani. Mti wa panda wa kusukumia kifuniko ulifupishwa ili mama aushike karibu na kifua, asukume kwa nguvu za mapaja, kama alivyofundishwa Arua. Tulizozana sana katika kazi hizo. Mama alikataa kifuniko mara ya kwanza, kikarudi kusukwa upya.

Majira ya kupanda yalifika kabla ngazi haijakauka vizuri, naye alisubiri. Majirani walishaanza kupanda. Wifi hakuwa na mbegu, zake zilikuwa zimeliwa na watoto wakati ule wa subira yake, na mbegu zote za nyumba ile zilikuwa kwenye kihenge cha mama, ambako zilirudishwa kikapu kwa kikapu siku kilipoinuliwa. Mdogo wangu angeweza kupanda juu ya kihenge akazitoa. Hakuna aliyelitaja hilo, hata mimi.

Asubuhi ile mama aliugonga udongo wa ngazi kwa fimbo, akasikiliza, akaridhika. Alivaa gauni ambalo fundi wa tatu, mwanamke, hatimaye alilikata refu nyuma na fupi mbele. Akaanza kupanda. Kidato, fimbo, mguu, pumzi. Nilitaka kumshika kiwiko, akanionya kwa kikohozi tu. Wifi yangu alikuwa amesimama chini na beseni lake, nami nina langu, kwa kuwa mama alisema na mimi nichukue ufuta wa kwenda nao Arua. Mdogo wangu alijifanya anachonga mpini wa jembe, lakini sikusikia kisu kikigusa mti.

Alifika juu. Aliutafuta ukingo wa kihenge kwa kiganja, akaupata kifuani pake. Akafungua fundo. Akauweka mti wa panda chini ya kifuniko, akaleta viwiko ubavuni, akakunja magoti kidogo, akasukuma. Kifuniko kikapanda. Alikitegemeza, akashika kibuyu, akachota mtama bila kukiona, kwa mkono tu, na kuushusha kwenye beseni la wifi aliyepiga magoti kuupokea. Nilisikia mbegu zikigonga bati. Nililia waziwazi, wala sikujificha.

Ndipo mama akatulia. Mgongo ule ule, shingo ile ile, lakini sasa alikuwa juu na sisi tulikuwa chini yake, tumeinua nyuso kupokea. Alipokuwa ardhini aliona miguu yetu. Pale juu, kichwa chake kikiwa kimeinama kama siku zote, alikuwa anatutazama usoni.

"Wewe iko na uso muzuri," alimwambia wifi. "Mimi nasahau."

Kisha akahamisha macho kwangu. Alinitazama kwa muda mrefu, paji la uso, mashavu, shingo, mabega, na mimi mwanamke mzima mwenye wajukuu nikaona haya kama msichana. Nilingoja aniambie amenikumbuka. Nilikuwa nimeshaandaa jibu.

"Mutoto yangu, wewe nazeeka," alisema. "Na hii mugongo yako naanza kupinda. Mimi naona kutoka hapa. Kesho asubuhi, simama na mimi kwa ukuta."

Akanimiminia ufuta, akashusha kifuniko, akalifunga fundo lake la Logiri. Nilikuwa tayari nimeshanyoosha mgongo, beseni mikononi, kabla hajafika kidato cha chini.